Somoe Ana Uchungu, Mimi Niko Angani

Mama Somoe,

Ni mimi, mumeo. Usishtuke. Sina tabia ya kuandika, unajua. Ulipokuwa hai wewe ndo ulikuwa unasoma, wewe ndo unaandika, mimi kwa uvivu naweka dole gumba. Leo naandika kwa sababu nimekatazwa kusimama.

Niko kwenye ndege. Kweli. Mimi. Imetoka Dar asubuhi, inakwenda Istanbul, Uturuki, kwa mtoto wako. Somoe uchungu umemshika. Bakari mumewe alinipigia nikiwa nishakaa, nahangaika na mkanda. "Baba, umeanza. Nampeleka hospitali." Nikasema, "Mbona bado wiki mbili?" Akasema, "Mtoto kawahi, baba." Pale pale mhudumu akaja, akasema simu zizimwe. Nikazima. Toka hapo sijui kitu.

Ndo nilivyo. Nakaa, nasimama. Nakwenda kule nyuma chooni, sina haja, narudi. Pembeni yangu kuna dada mmoja wa Kariakoo, anakwenda kufuata nguo za dukani kwake. Mnene kidogo. Kila nikipita inabidi avute magoti. Mara ya kwanza alisema pole mzee. Mara ya pili kanyamaza. Mara ya tatu akasema, "Baba, unakwenda chooni au unafanya mazoezi?" Nikamwambia, "Mwanangu anazaa." Akaniangalia. Akasema, "Sasa ukitembea humu ndani ndo utafika kabla ya ndege?"

Nikakaa.

Mbele ya kiti kuna kioo kama televisheni ndogo. Huyu dada kanionesha pa kubonyeza. Inatokea ramani, na ndege ndogo nyeupe juu ya mstari. Pembeni wanaandika kilomita zilizobaki. Nilimuuliza zote ni ngapi. "Elfu tano na kitu. Saa saba hivi, upepo ukiwa mzuri." Amesema kama mtu anayetaja nauli ya kwenda Masasi. Mimi jana nimetoka Nachingwea alfajiri, Dar nimeingia jua limezama, kiuno kimekufa. Kumbe basi letu linachukua muda mrefu kuliko ndege inayokwenda Uturuki. Nikamwambia hivyo. Akacheka. Mimi sikucheka. Ndani ya basi unaweza kumwambia dereva ongeza mwendo, akakutukana, roho ikatulia. Humu utamwambia nani?

Ile ndege nyeupe kwenye kioo haiendi. Naikodolea macho, haiendi.

Unakumbuka alivyozaliwa mwenyewe Somoe? Tulikuwa kwenye shamba la watu kule Nambambo, mimi kibarua, tunapalilia mikorosho. Ukaanza kushika mti. Nikauliza vipi, ukasema, "Kalete baiskeli." Sikuuliza tena. Nikakunja gunia nyuma, ukakaa upande, tukashika njia ya Mnero hospitalini. Mchanga wa njia ile unaujua. Pa kuendesha niliendesha, pa kusukuma nilisukuma. Nilikuwa nakimbia na baiskeli mpaka mate yakawa machungu. Wewe huko nyuma unanigombeza. "Hospitali haihami, bwana! Unataka nizalie shimoni?" Nikipunguza, unasema, "Sasa mbona umelala?" Nikasema mwanamke huyu shida yake nini. Tulifika. Nesi akakupokea mlangoni, na mimi nikakaa chini kwenye sakafu, miguu inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo.

Lakini tulifika kwa miguu hii. Njia zote nilizopita maishani, nikitaka kuwahi naongeza nguvu. Nachingwea mpaka Ruangwa na gunia mbili za korosho juu ya baiskeli, nataka kuwahi, naamka mapema, nakanyaga. Hii ya leo nguvu zangu hazina kazi. Nimefungwa mkanda kama mzigo. Mtoto wangu analia mahali, na mimi naletewa juisi.

Nimeletewa tena sasa hivi. Nimekunywa.

Utauliza kwa nini nimekwenda mimi. Uzazi ni mambo ya kina mama. Ingekuwa wewe. Ungekuwa umeshafika mwezi mzima, umeshagombana na majirani zake kwa ishara. Wewe hupo, basi zamu ikawa ya mdogo wako Hadija, kule Mandawa. Somoe akamtumia kila kitu. Hadija akapimwa, presha iko juu, daktari wa Ruangwa akasema huyu asipande ndege. Hadija akalia siku nzima. Halafu Somoe akanipigia mimi.

"Baba, njoo wewe."

Nikasema, "Nije kufanya nini?"

"Njoo tu."

Basi. Unamjua, mtoto yule haombi. Nikahangaikia pasi ya kusafiria, nimekwenda Lindi mpaka konda akawa ananiuliza hali ya nyumbani. Mambo ya ubalozi kafanya Bakari, mimi nilikuwa nasaini tu.

Lakini huwezi kuondoka hivi hivi. Nilipanda bodaboda mpaka Mandawa kwa kaka yako Mfaume. Kwa mila zenu mjomba ndo mwenye mtoto, najua, sikutaka kumpita. Nilimkuta anakung'uta mashine ya kupulizia mikorosho. Nikasema shida yangu. Akaweka mashine chini.

"Shemeji, toka lini baba akaenda kwenye uzazi?"

"Toka Hadija apandwe na presha."

"Watu watasema kwetu hakuna wanawake. Huyo mtoto ni wetu."

Wetu. Aliivuta hiyo wetu. Mimi kwenu ni mkwe tu, na toka ufe hata huo ukwe umelegea. Nikikaa barazani kwao siku hizi nakaribishwa maji kama mgeni wa serikali. Nilishaanza kutafuta kofia yangu niondoke. Hadija akasikia toka jikoni, akaja na mwiko mkononi.

"Basi nenda wewe, kaka. Wewe ndo mjomba. Panda ndege."

Mfaume akasema, "Mimi niende? Korosho zangu atapuliza nani?"

"Haya, korosho zako zibaki na wewe. Mtoto abaki na nani?"

Kaka yako akaokota mashine yake akaendelea kukung'uta. Ndo ruhusa hiyo. Nimeichukua hivyo hivyo.

Halafu Hadija akanishika mimi. "Unajua kukanda mzazi?" Nikasema, "Shemeji, mimi baba yake. Simgusi." Akasema, "Nani kakwambia umguse? Atakanda mumewe. Lakini Bakari anajua nini? Anajua kufunga marobota ya nguo huko kazini kwake. Wewe ujue, ukae nje ya mlango, umwambie." Akamwita binti yake aburute gunia la ufuta mpaka uani. Akaleta karai la maji ya moto na kitambaa. "Huyu hapa ndo mzazi. Mkande."

Mama Somoe, nilimkanda yule mzazi. Uani, mchana, watu wanapita. Hadija amekaa kwenye kinu, ananielekeza na mwiko. "Chovya. Kamua. Usikamue sana, joto linapotea. Weka kiunoni. Bonyeza. Si hivyo! Umebeba mkaa wewe? Mwenzio kazaa huyo." Majirani wakajaa. Mmoja akasema, "Shemeji yetu kawa mkunga!" Mwingine akasema, "Gunia limeshapona hilo, kesho litajiendea lenyewe mnadani." Nikawaambia, "Chekeni. Mkizaa nyie mtaniita." Wakazidi. Hadija hakucheka. Alinifanya nirudie mpaka maji yakapoa, akaleta mengine. Kiuno, mgongo, tumbo la chini, miguu. Halafu mzazi anywe uji wa pilipili manga, moto, asipewe maji baridi hata akilia.

Nikamuuliza, "Siku ngapi?" Akasema, "Arobaini. Dada yangu alinikanda mimi arobaini, hakuruka hata moja." Akainuka, akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka naondoka.

Ni wewe huyo dada yake. Sikuwa najua. Mambo yenu ya ndani mlikuwa hamtuambii.

Nimetoka kuangalia dirishani. Chini mchanga. Mchanga tu, mama Somoe, rangi ya ganda la karanga, mpaka macho yanachoka. Hakuna mti. Nimetafuta hata kibanda kimoja, hakuna. Dada wa Kariakoo ameamka, akasema tuko Sudani.

Sudani. Hilo jina nililisikia kwa Somoe.

Siku ile uliyokufa, yeye alipanda ndege hii hii, anakuja. Kaka yako akasema hatusubiri, maiti hangoji ndege. Sawa, ndo dini. Tukakuzika alasiri. Somoe kafika Nachingwea kesho yake jioni, udongo umeshakauka juu. Hakulaumu mtu. Alikaa pembeni ya kaburi, akauliza, "Baba, mama mmemzika saa ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Nilikuwa juu ya Sudani." Nikaona mtoto huyu kachanganyikiwa. Mama yake yuko chini ya udongo, yeye anauliza alikuwa juu ya wapi.

Tena kuna kitu nimekigundua humu. Saa za Uturuki na saa za kwetu ni zile zile. Kilomita zote hizi, saa haijasogea. Kwa hiyo sasa hivi ni mchana kwangu na ni mchana kwa Somoe. Hilo nalo linanisumbua. Ingekuwa kwake usiku ningesema labda kalala.

Nimesimama tena. Huyu dada kaniambia, "Baba, njoo ukae huku upande wa njia, mimi nikae katikati. Utaniua magoti." Tumebadilishana. Kaniuliza ni uzazi wa kwanza? Nikasema wa kwanza. Akasema, "Wa kwanza unachelewa. Utamkuta bado." Nikamuuliza, "Wewe umezaa wangapi?" Akasema, "Sijazaa." Nikageukia ile ndege nyeupe ya kwenye kioo.

Unakumbuka kibarua cha kufyeka uwanja wa ndege pale Nachingwea? Majani yanaota, tunafyeka. Ndege haiji. Yanaota tena, tunafyeka. Ulikuwa unaniletea ugali wa muhogo na kisamvu, tunakula pembeni, na kofia nimeweka juu ya bakuli kwa ajili ya vumbi. Siku moja ikaja. Kandege kadogo, kakatua, kakashusha wazungu wawili, kakaruka. Wewe ulishika kichwa kwa mikono miwili. "Kanakwenda wapi sasa?" Nikajifanya najua. "Mtwara." Ukasema, "Mtwara si kuna basi? Wanahangaikia nini huko juu?"

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilitegemea tutazeeka tunacheka vile. Umeondoka mapema. Nimekaa na hilo, sijalisema kwa mtu. Nyumba ya Nambambo naingia kulala tu. Nikipata kibarua cha mbali nafurahi. Nikikosa, natembea tu mpaka sokoni, narudi, natembea tena. Watu wanadhani natafuta kazi. Kukaa ndo siwezi.

Wanasema tunashuka. Masikio yanauma. Naacha.

*

Naendelea. Ni siku ya tatu toka nifike.

Tulitua, nikawasha simu. Laini yetu haishiki kule. Natikisa simu kama tochi iliyoisha betri, hamna. Dada wa Kariakoo na yeye yake haijashika, na watu wanasukumana watoke. Akasema, "Baba, twende, nifuate mimi." Nikamfuata. Korido ndefu, zinageuka. Foleni ya pasipoti watu kama mnadani. Zamu yangu ikafika, kijana wa kwenye kioo akaniuliza kitu. Sikuelewa. Nikaonesha tumbo kubwa, nikaonesha kubeba mtoto. Akaniangalia mimi na ndevu zangu nyeupe. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaangalia karatasi ya mwaliko ya Bakari, akanigongea muhuri huku anajizuia kucheka.

Nikatoka. Watu wamejaa nyuma ya vyuma, wameshika vibao vya majina. Nikamwona Bakari kabla hajaniona. Shati limekunjamana, macho mekundu. Nilisimama pale, watu wananigonga na mabegi. Nikajiambia nikimfikia ndo nitajua. Nisipomfikia, bado sijui.

Akaniona. Akaja. Akasema, "Shikamoo baba."

Hapo nikajua yuko hai. Mtu mwenye msiba haanzi na shikamoo.

Nikamshika mabega tu. Akarudia, "Shikamoo." Nikasema, "Marahaba. Niambie."

"Kajifungua. Wa kike. Wote wazima."

Yule dada wa Kariakoo alikuwa nyuma yangu na begi langu. Akapiga kigelegele pale pale, mbele ya askari. Askari akageuka. Dada akampigia na yeye.

Hospitalini nesi akaonesha kidole kimoja, aingie mmoja. Bakari akasema, "Ingia wewe." Somoe amelala, uso umevimba, nywele hazijachanwa. Kaniona, akasema, "Baba, umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Nilikuita sana. Nikamwita na mama."

Nikamwambia, "Mmoja yuko juu, mmoja yuko chini. Ungesikiwa na nani?"

Alicheka, mama Somoe. Kashika tumbo linauma, anacheka. Halafu akalia. Nilisubiri amalize. Nikamuuliza, "Alitoka saa ngapi?" Akaniambia. Nikahesabu kwa vidole. Akauliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Sudani." Akatingisha kichwa tu.

Alizaa na watu asiojua lugha yao. Bakari alikuwa mlangoni, wanamwambia subiri. Nilichelewa. Nakwambia wewe kwa sababu utauliza.

Kesho yake wakamruhusu, huku hawakai na mzazi. Wanaishi ghorofa ya nne, chumba na jiko. Nimechemsha maji. Bakari kakunja mikono ya shati, kaingia na karai. Mimi nje ya mlango. "Kamua, usikamue sana. Anza kiunoni." Halafu nasikia Somoe, "Baba! Mwambie anikande, huyu ananipapasa!" Nikasema, "Bakari, bonyeza, mwanangu, si karatasi hiyo." Jirani wa Kituruki, bibi mmoja, kapita ngazini, kaniona mzee mzima naongea na mlango. Kasimama kidogo. Akapandisha juu.

Jana hakukandika vizuri. Leo afadhali. Uji anakunywa, anakunja uso. Mfaume kapiga simu ya Bakari, kauliza, "Nani anakanda?" Nikasema, "Mimi nasimamia." Akasema, "Haya." Halafu akauliza kama huku kuna baridi. Nikasema ipo. Akasema nivae koti. Toka ufe hakuwahi kuniuliza jambo kama hilo.

Bakari karudi kazini. Somoe kalala. Mjukuu wako ninaye mimi, nimemfunga kifuani na kanga ya mama yake, naandika kwa mkono mmoja juu ya kabati. Ana paji lako la uso. Ana hasira. Kumlaza hataki. Kumpakata nimekaa hataki. Anataka mtu anayetembea. Toka dirishani mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka dirishani, hapo ananyamaza, anafumba macho. Nikisimama kuandika mstari, anafungua jicho moja. Nikikaa tu, analia.

Sasa ameanza. Nakuaga, mke wangu. Lala salama. Huku usihangaike nako, mimi nipo.

Mumeo,
Baba Somoe